Somo Lililoliwa na Ng'ombe

Jumatatu, 3 Septemba 1951
Kahawa imeiva yote kwa pamoja! Baba amesema wiki hii hakuna masomo, kila mwenye mikono achume. Nimechukua kikapu changu. Lakini Zita? Mdogo wangu ana mguu mbovu, hawezi kuteremka hadi shuleni. Mimi humfundisha nyumbani kila alasiri. Jumapili Mwalimu Wenseslaus anakuja kumpima. Akijua kusoma na kuandika, ataingia darasa la tatu na kukaa kwa shangazi, karibu na shule. Asipojua — atabaki hapa hapa. Na leo debe limeangukia kibao chetu cha kuandikia. Vipande vipande.

Jumanne, 4 Septemba
Asante Mungu kwa migomba! Zita alikuwa chini yake akichambua kahawa. Akaokota mwiba, akachora A kwenye jani la mgomba. Haikuonekana. Baadaye kidogo — utomvu umeifanya nyeusi kama wino! Basi mimi nachuma na kumtajia maneno, yeye anaandika. Nikija kumwaga kikapu, nasahihisha. Hata Mama, ambaye hajasoma, ameuliza jina lake linaandikwaje. Zita amemwandikia: FLAVIA. Amelitazama muda mrefu.

Alhamisi, 6 Septemba
Msiba! Majani yote ya Zita niliyapanga nyuma ya nyumba, Mwalimu aje ayaone. Mama alikuwa na haraka, akadhani ni malisho. Ng'ombe kala kila kitu! Baba kacheka mpaka kashika mbavu: basi ng'ombe ndiye atakayeingia darasa la tatu. Zita amelia. Mama amekwenda kutukatia majani mengine, mapana kuliko yale.

Nikitandika kitanda cha Mama nimeona jani moja limepona. Lile lenye jina lake. Liko chini ya mto.

Jumamosi, 8 Septemba
Mvua. Tumekimbia kufunika kahawa iliyoanikwa. Zita, amekaa stoo, amesoma maandishi ya magunia yote. Nashukuru, nashukuru.

Jumapili, 9 Septemba
Mwalimu amefika baada ya misa. Mimi huona haya mbele ya wageni. Nimeweka chai, nimekimbilia nyuma ya stoo. Nachungulia huku naandika kwenye daftari hili.

Zita amesoma ukurasa mzima wa katekisimu bila kusita! Sasa Mwalimu anataka aandike. Kibao kiko wapi? Baba anajikuna kichwa. Mama — Mama! — ameingia kihambani, kwenye migomba yetu, ametoka na jani na mwiba.

Zita ameandika. Mwalimu amevaa miwani, ameinama. Anamwambia Baba haoni kitu, huyu mtoto ameandika nini?

"Subiri kidogo, Mwalimu," anasema Zita. "Yanakuja."

Baba anakunja kofia yake mikononi. Mwalimu anatazama saa. Mama amepiga magoti, ameweka kidole juu ya jani, panapoanza kuwa peusi, midomo inacheza. Namsikia, taratibu:

"Herufi hii ya kwanza, Mwalimu, naijua."