Fimbo Mbili Ndefu

Kasongo, Jumanne jioni.

Nimenawa mikono mara mbili na kinyaa hakijanitoka.

Leo alikuja mnunuzi mmoja wa dhahabu kutoka Salamabila na mfuko wa fimbo za gofu. Alisikia kwamba ujanani nilikuwa nambebea mhandisi wa mgodi mfuko wake uwanjani. "Muzee, unichagulie zile ndefu. Kesho kwa pikipiki nabeba mbili tu."

Yeye alitaka iliyo ndefu kuliko zote, kwa kuwa inang'aa. Nilipima kila moja juu ya vidole viwili, kama tulivyofundishwa. "Hiyo uiache, mwanangu. Mutu anayeanza, mpira utamwendea porini. Beba hii ya kichwa kidogo, na hii ya chuma." Nilifurahi, nakiri. Ni miaka mingi hakuna aliyeniuliza jambo ninalolijua.

Kisha nikamuuliza uwanja uko wapi, maana fimbo huchaguliwa kwa uwanja.

"Iko Lusangi, ng'ambo ya mto, penye michikichi mitatu. Nimeshafyekesha. Wenyewe walikimbia kitambo, hakuna mutu."

Michikichi ile aliipanda baba. Mihogo ya mwisho pale niliipanda mimi, na sikuivuna.

Nikamfungia mfuko wake vizuri, kamba juu na kamba chini, na aliposhukuru nikaitika. Mikono hii hii.

Kesho asubuhi atapita kuniaga. Kabla hajawasha pikipiki nitamwambia kwamba mwenye shamba yuko hai, na ndiye aliyemchagulia fimbo.