Kwa Nini Mama Anafumba Macho

Karurumo,
Runyenjes.
Februari 2021

Kwa kaka yangu mpendwa Njoka,

Pokea salamu nyingi kutoka nyumbani. Natumaini barua hii itakukuta ukiwa na afya njema, unakula vizuri, na kwamba joto la huko Doha halijaanza kuwasumbua. Sisi hapa tu wazima wa mwili. Mvua ya mwisho wa mwaka ilituchezea shere, mahindi ya kule chini karibu na mto yakaungua, lakini migomba imesimama na kahawa tulichuma kidogo. Ng'ombe wako amezaa ndama jike mwenye kipaji cheupe. Watoto wamerudi shuleni, kwa hivyo mimi siinui kichwa kwenye cherehani. Sare walizoziacha kabla ya ugonjwa haziwatoshi tena, na kila mtoto anataka barakoa. Nimeshona barakoa hadi naziota.

Najua unacheka, unajiuliza dada yako amepatwa na nini hata aandike barua kama watu wa zamani na simu anayo. Riungu wa hapa jirani anarudi huko kazini, akakubali kunibebea. Sababu yenyewe utaielewa mbele. Usiruke kurasa, nakujua.

Jumapili iliyopita uliniuliza tena kwa nini Mama anafumba macho kila sura yako ikitokea kwenye simu. Nilikwambia mwanga wa simu unamuumiza. Kabla ya hapo nilikwambia ni presha. Yote mawili ni uongo, kaka. Na najua baba mdogo Mutugi alikueleza yake, kwamba nilishindwa kuuzuia mdomo wangu kwa safari moja tu, nikamwaga habari ya kifo cha mdogo wetu Nyaga ndani ya treni, mbele ya wageni, wakati sote tulikuwa tumekubaliana Mama asiambiwe mpaka afike Mombasa. Ukaniandikia maneno makali sana. Niliyasoma nikalia, kisha nikanyamaza, kwa sababu kujitetea kungekuumiza kuliko kunyamaza. Lakini sasa naona kunyamaza kwangu kunakunyang'anya mama yako, na hilo silitaki.

Acha nianze mwanzo. Wewe unajua kuliko mimi jinsi Mama alivyopoteza masikio. Ulikuwa darasa la tatu, mimi nilikuwa mgongoni, alipougua ile homa ya uti wa mgongo akarudi kutoka hospitali bila kusikia hata ngurumo. Baba alikata tamaa. Wewe ndiye uliyekaa naye karibu na moto kila jioni, ukimwonyesha neno moja moja kwa midomo, maji, chumvi, njoo, mpaka akajua kukusoma. Herufi hazijui, lakini mdomo wa Kiembu anausoma hata mtu akiwa ng'ambo ya barabara. Nyaga alizaliwa baadaye. Sauti ya kitinda mimba wake Mama hakuwahi kuisikia hata siku moja. Alimjua kwa mdomo tu.

Ndiyo maana barakoa zilipokuja, kwake ilikuwa kama kuziba masikio mara ya pili. Sokoni wateja walimwongelesha, yeye akatazama vitambaa. Aliuza ndizi kwa bei ya hasara kwa kubahatisha, mwisho akaacha kwenda. Mimi nilimshonea barakoa za kila aina, kisha nikajaribu kujishonea moja yenye dirisha la nailoni hapa mdomoni, ile nailoni ya pakiti za shati, ili aone nikisema. Ilipata ukungu kwa pumzi kabla sijamaliza sentensi. Mama alicheka siku hiyo, akaniambia nafanana na chungu cha githeri kinachochemka.

Siku ya safari ya Mombasa mwaka jana niliibeba hiyo ya dirisha, nikidhani itatusaidia kwenye treni. Askari wa mlangoni alipoiona alisema hiyo si barakoa, ni mapambo, nikaiweka kwenye mkoba nikavaa ya kitambaa. Kaka, nikwambie ukweli: nilishukuru. Nilikuwa nimebeba msiba wa Nyaga kifuani tangu Embu, na Mama alijua tu kwamba tunaenda kumwona mgonjwa. Kwenye kiti kila mara alinigusa goti, akanionyesha nishushe kitambaa nimwambie mwanawe anaendeleaje. Nami nilimwonyesha mhudumu anayepita, kwamba sheria hairuhusu. Nilijificha nyuma ya kile kitambaa. Akageukia dirishani, akanionyesha ndovu kwa sauti yake ile kubwa isiyojua ukubwa wake, behewa zima likageuka.

Kisha akaona watu wanapita na harufu ya chai. Akauliza wanakwenda wapi. Kijana wa kiti cha mbele akamwonyesha kwa mikono kwamba kuna behewa la chakula, na kwamba huko watu wanashusha barakoa ili wale. Mama alisimama hapo hapo. Njaa hakuwa nayo, tulikuwa tumebeba viazi vitamu. Alitaka mdomo wangu.

Huko ndani nusu ya meza zilikuwa zimefungwa kwa utepe. Aliyetuhudumia ni msichana mmoja Msomali anayeitwa Hodo, mzaliwa wa Maua kule Meru, ambaye alipotusikia tukiongea Kiembu alitujibu kwa Kimeru safi, Mama akamsoma macho tu akatabasamu. Alituambia mambo ya kazi yake bila kuficha. "Chakula ikiwa mbele yako, maski chini. Ukimaliza, maski juu na unarudi kwa kiti. Hiyo ndio sheria, na mimi sitaki kufutwa, shosho." Nikamweleza kwamba Mama hasikii, anasoma midomo. Alimtazama Mama kwa muda, akaenda. Aliporudi, chai alituletea nusu kikombe. Ikiisha, analeta nusu nyingine. Ndipo nikaelewa kwamba ameamua kuturefushia chakula.

Mtu mwema alinifanyia wema, na mimi niliuogopa. Sasa sikuwa na pa kujificha. Mama alikaa mbele yangu, uso kwa uso, akaniuliza yote aliyokuwa ameyaweka. Nyaga anapumua vizuri? Mkewe Lydiah anamwangalia au amechoka? Wanampa uji? Nilijaza mdomo mkate ili nisijibu haraka, akanicheka kwamba nakula kama mtu aliyetoka kuchimba mashimo ya kahawa. Nikamwambia Nyaga yuko kwenye mashine ya kumsaidia kupumua lakini anaendelea vizuri. Nikamwambia anamuulizia. Kila neno alilipokea kwa macho yake, akaitikia kwa kichwa, akafurahi. Tangu nizaliwe sijawahi kuuonea mdomo wangu aibu kama siku ile.

Jua lilikuwa limezama. Chai ilikuwa imeisha, na Hodo alipita akaona vikombe vitupu, akagonga meza taratibu kama kutukumbusha, kisha akageuka akajifanya anapanga soda. Nilipaswa kuvaa barakoa na kuondoka. Mama aliniomba tukae kidogo tu. Hapo ndipo simu yangu ililia, na aliyepiga ni wewe.

Kaka, soma hapa polepole.

Sikutaka Mama aone nikisema nawe. Kwa hivyo nikageuka, nikampa mgongo, uso wangu nikauelekeza kwenye dirisha. Uliniuliza kama ameshuku. Nikakujibu kwa Kiembu, kwa sauti ya chini, kwamba bado, kwamba anafikiri Nyaga yuko wodini. Ukaniuliza mipango ya maziko. Nikakwambia Nyaga yuko mochari, watu wa afya watamzika kesho asubuhi, na kwamba hatutaruhusiwa kumfungua uso. Ukaniambia nijikaze, tumebakisha kidogo tu. Nikakwambia nimejikaza.

Nje kulikuwa giza na ndani taa zilikuwa zimewashwa. Dirisha lilikuwa kioo, Njoka. Nilipokata simu niliinua macho, nikamwona Mama kwenye kioo kile kile, anautazama mdomo wangu.

Hakupiga kelele. Nilitamani apige kelele. Niligeuka kumtazama, nikafungua mdomo. Mama akanyoosha mkono juu ya meza, akaishika barakoa yangu iliyokuwa imening'inia kidevuni, akaipandisha mwenyewe mpaka ikanifunika mdomo na pua. Akainyoosha pembeni vizuri, jinsi alivyokuwa akitunyoosha kola tukienda kanisani. Kisha akafumba macho. Hivyo ndivyo tulivyosafiri mpaka Mombasa. Hodo alikuja na nusu kikombe kingine, akatuona, akakirudisha bila kuuliza.

Sasa umejua. Sikumwambia Mama. Wala wewe hukumwambia. Tulisema sisi wawili, na yeye akasikia. Kama ningeifuata sheria ya yule msichana, nikafunika mdomo chai ilipoisha, Mama asingesoma kitu. Nimeligeuza jambo hilo kichwani usiku na mchana, na halinipi raha upande wowote. Baba mdogo Mutugi, aliyetupokea, aliona tu kwamba Mama ameshuka stesheni akiwa anajua, akahesabu aliyekuwa naye ni nani. Nilimwacha aamini hivyo. Niliona afadhali ulaumu mdomo wangu kuliko ulaumu simu yako, ukiwa peke yako huko mbali, ndege zimefungwa, hata mazikoni hukuweza kufika.

Tangu siku ile Mama akiona mmoja wetu anataka kumwongelesha, anafumba macho. Kwa mtu kama yeye, hakuna mlango mwingine. Anapika, anakamua, anafagia ua, lakini hataki kusikia watoto wake. Kwako ni vibaya zaidi kwa sababu wewe ndiwe uliyempa masikio hayo.

Alhamisi nilishindwa kuvumilia. Alikuwa anachambua mbaazi nje ya jikoni. Nilikaa chini mbele yake, nikamshika mikono yote miwili, nikangoja. Nilingoja sana, kuku wakaanza kula mbaazi, naye akafumbua macho awafukuze. Nikasema hapo hapo, bila salamu, "Mama, Nyaga amefariki." Kama vile ndiyo habari imefika sasa. Alinitazama mdomo. Nikarudia. Nikamwambia alifariki ile Jumanne alfajiri, kabla ya safari yetu, kwamba tulimficha, na kwamba tulidhani tunamhurumia.

Mama aliniambia jambo moja ambalo naliandika jinsi alivyolisema. "Mwana wakwa, mimi nilisikia kifo cha mtoto wangu kwa mdomo ambao haukuwa unaongea na mimi."

Kisha akauliza kama Nyaga alikuwa na mdomo wazi alipokufa. Sikumwelewa. Akauliza tena, kama ulikuwa wazi au umefunikwa. Nikamwambia Lydiah alisema ile mashine ya hewa ilimfunika mdomo na pua mpaka mwisho. Mama akatikisa kichwa polepole. Akasema basi hata kama yeye angewahi kufika, Nyaga asingeweza kumwambia kitu. Ndipo akalia, kaka. Hakuwa amelia stesheni, wala makaburini tulikosimamishwa mbali nyuma ya utepe. Alilia kwa ile sauti yake kubwa, majirani wakaja mbio, na mimi nilikuwa nalia naye, na mbaazi zote zikaliwa na kuku.

Habari hizi nisingeweza kukueleza kwa simu bila kumpa Mama mgongo tena, na mgongo huo sitaki kumpa tena. Nimemwambia kwamba naandika, na kwamba nayaandika haya. Ameniuliza tu kama karatasi ni nyingi.

Jumapili ukipiga, nitaishika simu mbele yake kama kawaida. Atafumba macho, usiogope. Wewe kaa tu hapo, mdomo wako uonekane vizuri, usiniongeleshe mimi, wala usiniulize anaendeleaje. Mimi nitamgusa goti. Akifumbua, usianze na mvua wala ndama. Mwambie Nyaga amefariki. Mwambie wewe mwenyewe, polepole, jinsi ulivyokuwa ukimwambia maji na chumvi. Sijui kama atakutazama mpaka mwisho. Jana jioni nilimkuta ameiegemeza ile simu kwenye mtungi, imezimwa, amekaa mbele yake.

Lydiah anakusalimu kutoka Mombasa, anasema mtoto ameanza kutembea na ana mdomo wa babake kabisa. Tunapanga aje naye Pasaka. Baba mdogo Mutugi naye anakusalimu, na barua hii usimsomee, nitamweleza mwenyewe. Msalimie Riungu, mshukuru kwa kutubebea, na umpe chai kikombe kizima. Mungu akulinde huko uliko, akurudishe kwetu ukiwa na uso wako wazi.

Ni mimi dada yako akupendaye,
Cicily