Chapati za Kulthum

Majengo, Thika
16 Septemba 1958

Kwa Kulthum, mpendwa wangu,

Pokea salamu nyingi kutoka kwangu mimi Wamboi, mke wa Ephantus, jirani yako wa ukuta mmoja hapa Majengo. U hali gani huko Ruiru? Na ndugu yako Salehe, mguu wake umepona? Sisi tuko, tunasukuma siku. Ephantus bado yuko kwa kile kiwanda cha ngozi, na bado namtaka aache viatu nje ya mlango kwa sababu ya ile harufu. Najua Salehe ndiye atakayekusomea barua hii. Salehe, tafadhali soma yote kama ilivyoandikwa, usiruke mahali hata kama hupapendi.

Sasa ni mwaka na miezi mitatu tangu uhame, na sijakuandikia hata mstari mmoja. Utasema Wamboi ana kiburi. Sikatai, hicho nilizaliwa nacho, lakini safari hii hakikuwa kiburi peke yake.

Kwanza nikupe habari za ugonjwa wangu, kwa maana wewe uliuona ukianza. Unakumbuka nilivyokuwa. Kiungulia kilikuwa kikinipanda kutoka tumboni mpaka kooni kama nimemeza kaa la moto, tumbo limefura, na mbio za chooni haziishi mpaka wapangaji wenzetu wakinisikia wananipisha njia. Nguo zote zilinipwaya. Mimba mbili zikatoka moja baada ya nyingine, na ni wewe uliyenifulia shuka. Kila asubuhi kabla hujaenda kuuza ulikuwa unaniletea chapati za moto, ukisema mgonjwa hapati nguvu kwa kukaa na njaa. Nilikuwa nakula mbili, tatu, na chai kali juu yake. Zilikuwa tamu, Kulthum, hilo sijawahi kulikana.

Kisha Ephantus akanipeleka kwa mama yangu Gitothua nikapumzike. Mama hana habari ya mkate wala chapati. Kwake ni viazi vitamu, nduma, ndizi, githeri laini ya mahindi na maharagwe, na uji wa wimbi. Wiki tatu hazikuisha nikaanza kulala bila kuamka kutapika, na mwezi ulipokwisha mashavu yalikuwa yamerudi. Siku moja mama akaniuliza, huku akimenya viazi, ni nani anayenipikia kule Thika. Nikamtajia jina lako. Akaendelea kumenya.

Niliporudi ulifurahi kuniona nimenona, ukaniletea chapati, nami nikakwambia nimeshiba. Yaliyofuata unayajua wewe mwenyewe. Wateja walipungua mmoja mmoja, kisha wakakuhama kabisa, na watoto wakawa wanavutwa mkono wakipita karibu na jiko lako. Uliniambia ni Perez, yule muuza mandazi wa karibu na stesheni, aliyekuharibia jina kwa wivu. Mkagombana mbele ya watu mpaka akatupa sufuria yake chini. Siku uliyohama nilikusaidia kufunga mizigo, ukalia begani mwangu, na mimi nikaendelea kukaza kamba.

Nikadhani nimepona. Lakini hapa mjini mtu anakula nini asubuhi isipokuwa mkate wa duka? Mwezi wa Februari mwaka huu yote yalirudi, na zaidi. Nililazwa hospitalini nikiwa siwezi hata kushika kikombe. Akina mama wa kanisa wakaja kuniona, na unajua mgonjwa wetu haendewi mikono mitupu: kila mmoja alikuja na mkate kwapani. Kabati la kando ya kitanda likajaa. Nikala kwa heshima yao, slesi baada ya slesi, na kila walipoondoka hali ilikuwa mbaya zaidi, nao wakirudi wanaleta mkubwa zaidi.

Daktari alikuwa Mzungu kijana aliyetoka kwao juzijuzi tu. Aliiona ile mikate akauliza kama naila yote. Kisha akataka kujua nilikuwa nakula nini Gitothua, kimoja kimoja, mpaka nikadhani ananicheka. Muuguzi Waceke ndiye aliyekuwa akitutafsiria. Daktari akasema matumbo yangu hayapatani na ngano. Akasema amesoma katika vitabu vya kazi yake kwamba wakati wa vita, nchi ya Uholanzi ilipokosa mkate, kuna watoto wenye ugonjwa kama wangu waliopata nafuu kwa sababu ya huko kukosa, na mkate uliporudi wakaugua tena. Akaamuru mikate yote itolewe, akanikataza mkate, chapati, mandazi na biskuti. Mimi nilifikiri ni wazimu. Mkate ni chakula cha watu waliosoma, utamuuaje mtu? Lakini wiki mbili baadaye nilikuwa natembea.

Sasa naishi hivyo. Kiungulia hakijaisha chote, ila kinavumilika. Daktari alisema kichwa cha kitanda kiinuliwe, basi Ephantus akaweka matofali chini ya miguu miwili ya kitanda, na sasa analalamika kwamba anaamka kila siku akiwa ameteremka miguuni. Chai kali nimeacha, nala kidogo kidogo, na silali kabla chakula hakijashuka. Taabu kubwa ni kwa watu. Nikitembelea mtu anakata mkate na kuupaka siagi, mimi natoa nduma yangu kwenye kiondo, naye ananuna. Hata kwa Meza ya Bwana kanisani, kwa kuwa kuna mkate, ilibidi nimweleze mchungaji.

Siku ile daktari alipomaliza kusema, wanawake wa wodi walimshukuru Mungu kwa ajili yangu. Mimi niligeukia ukuta nikalia. Waceke alidhani ni furaha.

Salehe, hapa soma polepole.

Kulthum, si Perez. Ni mimi. Nilipotoka Gitothua niliwaambia akina mama wa kanisa kwamba nimepona kwa kuacha kula kutoka mkononi mwako. Nikasema ulikuwa unanitilia kitu ndani ya chapati ili mimba zangu zisikae. Hakuna aliyenilazimisha. Nilikuwa na uchungu wa watoto wale wawili, nikataka awepo mtu wa kulaumiwa, na wewe ndiye uliyekuwa karibu zaidi. Nikakuacha ugombane na Perez bure, nikakufungia mizigo. Naona haya.

Jumapili iliyopita nilisimama mbele ya akina mama hao nikasema nilikosea, na nikaeleza habari ya ngano. Wengine waliinamisha vichwa. Mmoja wao, mke wa Waweru, akasema hata huko kusimama kwangu kukutetea ni dawa yako inayofanya kazi bado. Nilibishana naye mpaka sauti ikakauka, na watatu wakatoka wakimwamini yeye. Kwa Perez nimekwenda pia. Amenisikiliza akiwa amesimama mlangoni, hakunikaribisha ndani.

Kwa hiyo nimefikiri hivi. Daktari amesema mchele hauna neno kwangu, na nasikia siku hizi unauza vitumbua vya unga wa mchele hapo soko la Ruiru. Jumamosi ya tarehe 27 nimepata kibali cha kusafiri kutoka kwa Serikali. Nitakuja na wale watatu na mke wa Waweru mwenyewe, amekubali kwa udaku tu. Nataka nikae kwa benchi lako, nile kutoka mkononi mwako, wakiniona. Lakini nimejiuliza pia, mtu aliyesingiziwa sumu atampaje tena chakula yule aliyemsingizia? Tumbo langu likichafuka siku hiyo hata kwa maji ya kisima, litakuwa kosa lako mara ya pili. Una haki ya kuogopa.

Nitakuja bila kula kitu tangu asubuhi. Ukinipa, nitakula. Usiponipa, nitasema mbele ya soko lote kwamba nilikusingizia, nitarudi Thika na njaa yangu, na safari hii sitamwambia mtu kwamba ulininyima.

Ephantus anakusalimu sana, na mama yangu ameomba nikuandikie kwamba lile swali lake anajuta kuliuliza. Mungu awalinde wewe na Salehe.

Ni mimi niliyekukosea,
Wamboi wa Ephantus