Mwisho wa Kitabu Hausemwi Redioni

Kwa mpendwa wetu Profesa Lorene Hatlestad, Elk Hollow, Iowa

Ni mwaka mmoja sasa, Mama, tangu Jumapili ile redio ya chuo ilipopiga kinanda saa kumi alasiri mahali pa sauti yako. Baba alinyoosha mkono kuongeza sauti kama kawaida yake, kisha akaurudisha mezani.

Miaka ishirini na sita ulizungumza na watu hewani juu ya riwaya za zamani za Kimarekani, na hukumfanya mtu yeyote ajione mjinga. Wafugaji walikusikiliza wakikamua ng'ombe. Kila kitabu ulikisoma upya wiki hiyohiyo, hata ulichokwisha kukifundisha mara thelathini, na viazi vingi viliungua kwa ajili hiyo.

Ulikosea mara moja. Uliponyokwa hewani kwamba mwenye kinu katika riwaya ya wiki hiyo anakufa, na simu ya kwanza ikawa ya Arlys Tveit wa duka la mbegu. "Profesa, kitabu hicho nimekingoja maktaba wiki sita. Jana ndiyo nimekipata, na wewe umeshamzika mtu wangu." Jumapili iliyofuata ulimwomba radhi kwa jina, ukaweka sheria: mwisho hausemwi.

Sheria hiyo ilimponza Baba. Yeye fundi wa majiko ya kupasha nyumba joto, vitabu alivijua kwa sikio tu, kwa hiyo alijua mianzo yote na hakujua mwisho hata mmoja. Alikubembeleza mezani, "Lorene, mimi si mumeo? Niambie tu, yule binti alirudi kwao?" Ukamsogezea kitabu pamoja na bakuli la viazi. "Kasome mwenyewe, Verlyn." Tulicheka mbavu hatuna.

Ulipotutoka, ulikuwa umebakiza kipindi kimoja cha riwaya ya wale dada wawili wa kivukoni. Kumbe Baba alikichukua kitabu chako, chenye maandishi yako ya penseli pembeni, akaanza ukurasa wa kwanza. Kurasa mbili kwa siku, Mama, miwani ikimteleza puani, akibishana nawe. "Hapa mama yenu amekosea," alituambia siku moja.

Kurasa tano za mwisho alizikwepa majuma matatu. Alisema akizimaliza, na kipindi chako kitakuwa kimekwisha, naye hayuko tayari. Tulimwonea huruma, hatukumharakisha.

Jumapili iliyopita, saa kumi, alizisoma. Alipofunga kitabu macho yalikuwa yamemlowa. Marit akamuuliza, "Enhe, Baba? Dada mdogo alirudi?"

Baba akafuta miwani, akamsogezea kitabu kando ya kikombe cha kahawa.

"Kasome mwenyewe."

Unakumbukwa na mumeo Verlyn, wanao Marit na Anders, mkweo Joyce, mjukuu wako Signe, na Arlys Tveit, aliyeomba naye aandikwe hapa.

Tutakukumbuka daima dawamu, Mama, na mwisho hatuusemi.