Mama na Mikeka ya Mama Kulwa

Jumatano, jioni.

Kumbe mama alimzidi Mama Kulwa hata kwa mikeka!

Leo sokoni nimekutana na Mama Kulwa wa kijiji cha Ntalikwa. Zamani alikuwa akimletea marehemu mama mikeka, naye mama akimpa kofia alizodarizi kwa mkono. Nilimwamkia, akanishika mkono, hakuuachia.

"Mama yako ndiye aliyenifundisha kusuka," akaniambia. "Mkeka wangu wa siku nne, yeye siku tatu."

"Sasa kwa nini alichukua wako?"

"Kwa sababu ya kofia, mwanangu. Moja ilinichukua mwezi mzima, yeye wiki tu. Alisema akishika ukindu, kofia zinalala. Tukagawana kazi, wote tukapata zaidi."

Na mimi miaka yote nafundisha uchumi kwa mifano ya nchi za mbali.

Nimekumbuka baraza letu kwenye njia ya zamani ya misafara, harufu ya ukindu mbichi, na mimi, mtoto mjuaji, nikisema, "Mama, hata mkeka hujui kusuka?"

Mama Kulwa alikuwa amekaa palepale. Mama alicheka tu, akaendelea kudarizi. Hakunijibu, asije akamwaibisha mwenzake.