Jumapili Zisizo na Mvua

Kawajense, Mpanda
8 Februari 2025

Dada yangu Minza,

Mwangaluka. Natumaini barua hii inakukuta mzima, na goti la mama limetulia. Mimi mwili hauna neno; ya moyoni utayasoma. Ningepiga simu, lakini najijua, ningeishia kwenye salamu na kusingizia mtandao. Usimsomee mama kabla hujafika mwisho.

Hapa shuleni tumeletewa mwalimu mpya wa jiografia, Emelyne, binti kutoka Mishamo, miaka ishirini na sita. Sikufichi dada, namwonea wivu. Miaka tisa wanafunzi wananiita Mwalimu wa Mvua, kwa sababu kila siku saa tatu asubuhi nachungulia kipima mvua kilicho nyuma ya maabara na kuandika milimita kwenye daftari. Amekuja yeye na kompyuta sita chakavu. Anafungua ukurasa kwenye intaneti, mtoto anaandika mstari mmoja wa maagizo, anabonyeza, na upepo wa Afrika nzima unatokea ukitembea. Hesabu zote zinafanywa na mitambo ya mbali wanayoiita wingu. Mimi niliyewafundisha mawingu tangu kidato cha kwanza, sasa nikitamka wingu wananiuliza nenosiri. Kengele ya chai ikilia hawatoki kwake. Kwangu walikuwa wanatoka kabla haijalia!

Roho ya kwa nini ikanipanda. Nikamwambia mbele ya walimu wenzetu kwamba hizo takwimu zake za setilaiti ni za watu wasioijua Mpanda, na kama anataka mvua ya kweli achukue madaftari yangu. Nilitegemea akatae. Akayapokea kwa mikono miwili, na wanafunzi wakaingiza yote, miaka tisa, siku baada ya siku.

Wiki iliyopita akaniita nikaone. Lidia, msichana wa kidato cha tatu asiyejua kunyamaza, alikuwa ameipanga mvua yangu kwenye grafu kwa siku za wiki. Jumatatu ilikuwa mlima. Jumapili hakuna kitu, sifuri, miaka yote tisa. Lidia akaeleza kwamba labda Jumapili mashine za kusaga zinapumzika, vumbi halipandi, na matone yanakosa cha kushika huko juu. Mwenzake akasema mvua ya Mpanda imeokoka, Jumapili inashinda kanisani. Darasa zima likacheka. Emelyne hakucheka. Aliniangalia mara moja tu, akajua, akawaambia watoto kwamba swali ni zuri na litachunguzwa.

Alinistahi, na hiyo ndiyo iliyonichoma zaidi. Nikaenda kwa mkuu wa shule nikasema programu ya yule binti inaharibu takwimu za shule. Mkuu ananiamini kwa hizi mvi. Akafunga chumba cha kompyuta na kumtaka Emelyne ajieleze kwa maandishi. Siku tatu nilimwona akifundisha upepo kwa chaki, hasemi neno juu yangu. Ndipo juzi barua yako ikafika.

Sasa nikwambie. Jumapili sikuwahi kwenda kwenye kile kipima mvua. Nilijaza sifuri, na Jumatatu nikayaandika maji ya siku mbili kama ya siku moja. Na nyie nikawaambia siwezi kuja Kasokola Jumapili kwa sababu mvua haina sikukuu. Nilikuwa hapa hapa Kawajense, kwenye banda la mpira. Sikuja kwa sababu Jumapili ndipo mdogo wetu Ngusa huja na pikipiki yake na habari za ng'ombe wake, na mama akianza kumsifu, nasukuma sahani ya ugali pembeni. Wivu huu haukuanza na Emelyne, dada.

Jana nimekiri kwa mkuu wa shule, Emelyne akiwepo. Chumba kimefunguliwa, wa kujieleza sasa ni mimi. Emelyne hakunisimanga. Alisema tu kwamba sifuri maana yake umepima ukakuta hakuna, na kama hukupima, mahali pale paachwe wazi. Jumatatu Lidia na wenzake watazifuta sifuri zangu. Wivu haujaisha, nisikudanganye, lakini nitakaa kwenye dawati la nyuma nijifunze.

Uliniandikia kuhusu ile Jumapili ya Desemba, upepo ulipoezua jiko na nyie mkawa mnakinga maji kwa sufuria. Ukasema Ngusa alianza kuniteta, na mama akamkanya, akasema aniache, leo mtoto wake ana kazi kubwa huko mjini. Nimeitafuta siku hiyo kwenye daftari, tarehe ishirini na mbili. Nimeandika sifuri.

Kesho nikishapima saa tatu, nachukua bodaboda nakuja. Ya daftari nitamwambia mama mwenyewe, wewe niwekee kigoda tu. Wasalimie watoto wote, na Ngusa mwambie asiondoke kabla sijafika.

Mdogo wako,
Yotham Masunga