Bura Alisema Mafuta Yapo

Afrika Kusini, Ijumaa

Baba yangu mpendwa,

Saita, na shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta umekaa nje upande wa jua, mguu umeacha kukusumbua, na mvua imewaachia angalau maharage ya kula. Mama aliniambia kwamba ukungu umeshuka mpaka Rhotia na kwamba yule ng'ombe mwekundu amezaa jike. Nimefurahi. Mimi mwili hauna ugonjwa. Baridi ya huku hainisumbui, nimekulia Karatu, wenzetu wa Dar ndio wanaokwenda darasani wamejifunga blanketi. Lakini moyoni siko sawa, na sitakuficha eti kwa sababu barua inatakiwa ianze kwa maneno mazuri.

Nimeandika kwa mkono kwa kuwa kwenye simu ningelia, na wewe kwenye simu husikii, unabaki kusema "ehee, ehee" hata kwa habari ya msiba.

Jambo lenyewe ni Bura. Najua mnamwandalia mapokezi. Mama ameshanieleza habari za mbuzi, na kwamba Padre atapita nyumbani kumbariki. Mtoto akifaulu anapokewa, sina ubishi. Ila naomba usome kwanza alivyofaulu.

Unajua kampuni iliyotuajiri sote wawili ilituleta huku tujifunze ndege kubwa ya abiria. Ndege yenyewe hatujaigusa bado. Tunafundishiwa kwenye simuleta, chumba kilichosimama juu ya miguu ya chuma, ndani yake kuna viti vya marubani, geji zote, na vioo vinavyoonyesha mawingu na viwanja. Ukikata kona kinalala upande, ukitua vibaya kinakutandika mgongo. Baada ya muda unasahau kabisa kwamba hujatoka ardhini, jasho linalokutoka ni la kweli.

Sehemu niliyoipenda tangu mwanzo ni kupanga mafuta, kwa sababu niliikuta nimeshafundishwa na wewe. Kabla ya kuwasha injini tunapiga hesabu: mafuta ya safari, mafuta ya kukimbilia kiwanja kingine kama unakokwenda kumefungwa, halafu akiba ya mwisho ya kukaa hewani nusu saa, ambayo haiguswi. Nilicheka peke yangu darasani. Ni wewe na Land Rover ukipeleka unga Malambo: ya kwenda, ya kurudi, ya kuzunguka kama korongo limejaa, na lile dumu la nyuma ambalo hata Mama hakuruhusiwa kulichungulia.

Na geji yako ilikufa zamani. Bura ndiye aliyekuwa akiinua kiti na kuzamisha kile kijiti chenye alama za kisu. Anakichomoa, anakitazama juani, anasema, "Yapo, Baba." Wewe unawasha gari. Sijawahi kukuona ukishuka kuhakikisha. Ulituambia aliyeshika kijiti ndiye mwenye neno, na siku dereva atakapoanza kumchungulia, bora wote mbaki nyumbani.

Unakumbuka siku ile Nainokanoka, wale wazee waliotaka uwawahishe mnadani? Bura alikuwa bado mwanafunzi, sauti haijakomaa, akasema, "Hayatoshi, Baba," akagoma kabisa kurudisha kiti. Ukazima injini. Wazee wakamporomoshea Kimaasai cha kila aina, yeye katulia tu na kijiti mkononi. Nilijivuna kuwa dada yake siku ile. Ndiyo maana sasa naandika kwa hasira. Huyu si mtu asiyejua.

Siku ya mtihani nilikaa kiti cha nahodha, Bura akawa msaidizi wangu. Mimi naongoza ndege. Yeye anashika redio, na kila tukipita kituo cha njiani anasoma mafuta yaliyobaki na kuyalinganisha na mpango. Mkufunzi wetu, mama mmoja wa makamo asiyecheka ovyo, anakaa nyuma yetu akituharibia mambo kwa kubonyeza vitufe. Siku hiyo alitoboa tanki la kushoto. Hakuna mlio, hakuna moshi. Mafuta yanapungua tu, haraka kuliko injini inavyokula, na mtu pekee wa kugundua mapema ni yule anayesoma.

Bura alikuwa amebanwa na redio. Kituo cha kwanza hakuangalia geji, akaandika namba ya kwenye mpango kana kwamba ameisoma. Hilo alilikiri mwenyewe kwangu baadaye. Kituo cha pili nikamuuliza. Sheria inataka Kiingereza humo ndani, lakini tukibanwa tunateleza, tunarudi kwenye lugha yetu.

"Bura, mafuta vipi?"

"Yapo, dada. Twende."

Nikaenda, Baba. Geji ilikuwa mbele ya macho yangu pia, sikatai, ilikuwa ni kugeuza shingo kidogo tu. Lakini neno lilikuwa lile lile, kwa sauti ile ile, na mimi nikafanya kama nilivyokuona ukifanya miaka yote. Sikumchungulia.

Halafu taa ya njano ikawaka na kengele ikagonga: mafuta ya kushoto yamebaki machache. Kiwanja cha karibu tulikuwa tumeshakipita. Nikageuza ndege, nikatangaza hatari redioni, injini ya kushoto ikazimika, tukatua kwa moja iliyobaki. Tulitua vizuri, hata magurudumu hayakulia. Lakini akiba ya mwisho ilikuwa imeliwa, na kwenye mtihani ule hiyo ni sawa na kuua abiria.

Tukakalishwa mezani. Mashine ile inatunza picha za geji, sauti haitunzi. Mkufunzi akasema aliona mafuta yakishuka na akatusikia tukisemezana kwa lugha asiyoijua. Akamgeukia Bura, akamuuliza tulisema nini.

Baba, nilitulia kabisa. Nilijua atasema, "Nilikosea kusoma." Tungefokewa wote wawili, tungerudia wote wawili, basi. Bura akatazama meza. Akasema, "Nilimwambia mafuta hayalingani na mpango. Akaniambia tuendelee."

Nikadhani sikusikia vizuri. Nikamtazama, hakuinua uso. Nikasema si kweli. Mkufunzi akanijibu kwa upole kwamba manahodha wengi husema hivyo hivyo, akaandika. Bura akafaulu, kwa kuwa eti aliona na alitamka. Mimi nikaandikiwa kwamba simsikilizi msaidizi wangu. Heri wangeandika sijui kuendesha, hilo mtu anajifunza. Jumatatu kampuni itakaa kikao kuamua kama nirudishwe nyumbani, na nahodha mwenye neno hilo kwenye karatasi zake hakuna anayemtaka popote.

Jioni yake Bura alipika ugali kwenye jiko la bweni, akanipakulia kwanza mimi, kama vile hakuna kilichotokea. Nikamuuliza kwa nini.

"Dada, mimi nilishafeli mara moja," akasema. "Nikifeli tena narudishwa, naishia kulima vitunguu Mang'ola. Wewe wanakupenda, watakupa nafasi nyingine."

"Wakininyima?"

"Hawawezi." Akasukuma sahani karibu yangu. "Ila usimwambie Baba. Nakuomba sana. Mwambie yeyote, Baba usimwambie."

Hapo ndipo niliposikia uchungu wenyewe. Wewe anakuogopa, mimi ananitumia. Mimi niliyempa kitanda changu siku ulipomleta nyumbani baada ya mazishi ya Baba Mdogo, nikalala na Bibi mpaka nikamaliza shule. Sijawahi kumwita binamu hata siku moja. Sikuugusa ule ugali.

Kutosoma geji ningemsamehe kabla hatujatoka kwenye simuleta, mtu yeyote anaweza kubanwa. Lakini kuchukua lile neno letu na kuligeuza mbele ya mgeni asiyelielewa, kwa kujua kwamba mimi peke yangu ndiye niliyelisikia, hilo limenishinda. Nimejaribu kulimeza, halishuki.

Sikuombi umfukuze. Ni mtoto wako, na kile chumba ni chake. Naomba kitu kimoja tu: ampigie simu mkufunzi kabla ya kikao cha Jumatatu, aseme alichosema kweli. Namba anayo. Ni yeye tu anayeweza kunitoa hapa.

Mpe Mama salamu, mwambie sweta alilonifuma ndilo ninalovaa sasa hivi. Bibi mwambie ndege za kweli zina chakula, hii ya kuigiza ndiyo haina, asihangaike kuniwekea mahindi. Dada Dafrosa na wanafunzi wake wa Rhotia nawasalimu, na jirani wa mashine ya kusaga nimemkumbuka. Padre akifika msimweleze lolote, hayo ni ya kwetu.

Nimebakiza jambo moja. Bura anasafiri kesho, na kama desturi yetu aliniuliza kama nina mzigo wa nyumbani. Nitampa barua hii aibebe mwenyewe. Bahasha sitaitia gundi. Nitamkabidhi ikiwa wazi, nimtazame usoni, na ataelewa. Safari ya ndege ni ndefu, na kutoka Arusha mpaka Karatu kuna mapipa ya takataka ya kutosha. Jumapili baada ya misa nitampigia Mama. Sitauliza lolote ila kama barua imefika.

Kama wewe unaisoma, Baba, basi yeye ameshaisoma, na bado amekuletea. Kuna kitu kimebaki ndani yake. Kabla hujachinja yule mbuzi, toa kile kijiti kilipo, mshikishe mkononi, umuulize mbele ya Mama: Bura, yapo?

Ni mimi binti yako, niliyekaa kiti cha mbele,
Fabiola